Maji Yaliyofichwa Kipimo

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akikoga kwa pishi. Jambo la faragha kama hili tumelipokea na vipimo vyake, na watoto wetu hulisoma chuoni. Wala asidhani mtu kwamba ni kwa uhaba wa maji tu. Imepokewa kuwa israfu imekatazwa hata kwa mwenye kutawadha katika mto upitao.

Basi tutazame mto mwengine. Huko Marekani, katika jimbo la Oregon, uko mji mdogo uitwao The Dalles, kando ya mto mkubwa wa Columbia. Hapo kampuni ya Google imejenga majumba ya mitambo ya kompyuta, yenye kuweka na kujibu haya tuyaulizayo katika simu zetu. Mitambo hiyo hupata moto usiku na mchana, hupozwa kwa maji, na mengi ya maji hayo huwa mvuke yakapotea. Gazeti la huko lilipotaka kujua mwaka 2021 ni maji kiasi gani, wakuu wa mji walilipeleka mahakamani, wakidai hiyo ni siri ya biashara! Hata Desemba 2022 ndipo hesabu ilipotoka: katika mwaka 2021 pekee, zaidi ya lita milioni 1,300, yaani zaidi ya robo ya maji ya mji mzima.

Siri ya biashara! Nayo ni maji, ambayo Mtume ametufundisha kuwa watu ni washirika ndani yake, pamoja na malisho na moto. Mshirika hufichwaje hesabu ya mali yake? Mwenye duka la shirika hapa kwetu akifanya hivyo twajua tutamwitaje.

Watasema: kampuni ilikubali kutoa dola milioni 28.5 kutengeneza mabomba na visima vya mji. Naam, ilikubali. Lakini mimi sikuuliza imelipa ngapi. Nauliza kwa nini mwenye kisima asijue kilichotekwa.

Na hayo yalikuwa kabla ya hii iitwayo akili bandia kushika kasi. Wala sisemi simu ni haramu. Lakini Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilitangaza azma ya kujenga jumba kama hilo Olkaria, hapa hapa Kenya. Wenye kutia saini mikataba ya namna hiyo na waulizwe kabla ya jiwe la msingi: ni vibaba vingapi kwa siku, na daftari lake litawekwa wapi tulisome?