Sikio la Kufa ni la Nani?

Ipo methali inayotumiwa vibaya kuliko zote katika mialo ya Ziwa Victoria, na Makoko, pale Musoma mjini, huisikii mara moja. Mvuvi ameacha gongo miezi minne, mitano. Watu wamempongeza, mkewe ameanza kunenepa, watoto wamelipiwa michango ya shule. Kisha siku moja anaonekana akitoka katika vichochoro vya wapikaji, anapepesuka. Kabla hajafika kwake, hukumu imekwisha kumtangulia mlangoni: sikio la kufa halisikii dawa. Anayeitamka huitamka kwa utulivu kama anayesoma hati ya zamani, na akishaitamka huenda zake. Ndiyo kazi yake hasa methali hii siku hizi: kumpa msemaji ruhusa ya kuondoka.

Nauliza: dawa gani hiyo ambayo sikio lilikataa kuisikia? Tuhesabu pamoja, ndugu msomaji. Alitukanwa, hiyo moja. Aliwekwa mbele ya wazee akaapishwa. Alihubiriwa. Mjomba wake alimzaba makofi mbele ya wanawe. Mganga alikuja, akalipwa, akaondoka. Hapana hata mmoja aliyempeleka kwa tabibu akamwambia: huyu mtu mwili wake umezoea kileo, tufanyeje? Tumemnyima dawa, halafu tumelilaumu sikio.

Mwaka 2000 watafiti wa Kimarekani walichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa nchi yao ulinganisho ambao ulipaswa kubandikwa kila ukuta wa zahanati. Waliuweka uraibu wa vileo na dawa za kulevya kando ya kisukari, shinikizo la damu na pumu. Wakaona kwamba katika kila watu 100 waliotibiwa uraibu, 40 hadi 60 hurudia ndani ya mwaka mmoja. Na wagonjwa wa presha na pumu nao hurudiwa na maradhi yao kwa viwango visivyo mbali na hivyo, aghalabu kwa kuacha vidonge au kurudia mienendo waliyokatazwa. Basi mama yetu wa presha akila chumvi na kuanguka ukumbini, je, tunamwita sikio la kufa? La hasha. Tunatafuta bodaboda, tunamkimbiza hospitali, na jioni tunampelekea uji. Kosa ni lilelile. Kilichobadilika ni heshima tuliyokuwa nayo kwa mgonjwa kabla hajaugua.

Kwa wale wanaodhani kurudia ni mwisho wa habari, historia ina jambo la kuwafundisha. Chama cha walevi walioacha, kinachojulikana duniani kwa herufi mbili AA, kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, kwa kukutana kwa watu wawili: Bill Wilson, mfanyabiashara, na Robert Smith, daktari mpasuaji. Smith aliacha pombe kwa wiki kadhaa. Kisha akasafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari, akalewa hata asijue alivyorudi. Mkewe na Wilson walimpokea, wakakesha naye kwa siku kadhaa, na asubuhi aliyopaswa kumpasua mgonjwa Wilson akampa chupa ya bia ili mikono iache kutetemeka. Chupa hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya mwisho maishani mwake, na tarehe yake, 10 Juni 1935, ndiyo inayoadhimishwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama. Laiti mtu wa methali angalikuwapo pale mlangoni!

Jarida hili ni la watu wanaopima maneno, kwa hiyo niseme la maneno. Makoko, kwa waliosoma habari zake, ni mahali ambapo wamishonari wa Maryknoll waliweka chuo cha lugha, na wageni wengi kutoka ng'ambo walijifunza Kiswahili hapo kando ya ziwa. Nikifikiria wageni hao na madaftari yao, huona haya kidogo kwa msamiati ambao mtaa wenyewe ungewafundisha juu ya mtu aliyeanguka: mlevi, teja, ameharibika, hajitambui, ameshindikana. Litazameni hili la mwisho. "Ameshindikana." Sarufi yake ni ya ujanja, kwa sababu haina mtenda. Hatusemi tumeshindwa sisi. Tunasema ameshindikana yeye, kana kwamba kushindwa ni sifa iliyoota mwilini mwake kama kigugumizi. Kaka aliyejaribu mara moja husema ameshindikana. Hata yule ambaye hakujaribu kabisa husema hivyohivyo, na sarufi huwaficha wote wawili.

Visiwani mna neno jingine, na nalionea wivu. Tangu mwaka 2009 Unguja imekuwa na nyumba ambamo watu waliokwisha kutumia unga huwashika mkono wenzao wanaoacha, nanyi mkaziita nyumba za upataji nafuu. Aliyelichagua neno nafuu alijua Kiswahili. Mgonjwa husema, sijapona ila nina nafuu. Nafuu hukubali kupungua kesho na kuongezeka keshokutwa, wala mtu hachekwi kwa kuwa jana alikuwa na nafuu na leo amezidiwa. Sisi wa ziwani tumebaki na neno moja tu, kuacha, ambalo ni kama kizingiti: ama umevuka, ama hukuvuka.

Na kizingiti hicho ndicho kinachoua. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Alan Marlatt alilieleza hili katika miaka ya 1980, ingawa mke yeyote wa mvuvi angeweza kumsimulia. Kikombe cha kwanza pekee hakimmalizi mtu. Linalommaliza ni wazo linalofuata kikombe: nimekwisha kuharibu, mimi ndivyo nilivyo, basi na tumalize. Kati ya kikombe cha kwanza na cha kumi pana nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na jinsi mtu anavyojiona. Aliyefundishwa miaka kumi kwamba yeye si kitu ataijaza kwa usi-kitu. Kwa sababu hiyo napinga, tena kwa nguvu, desturi ya kuwasimamisha watu mbele ya kadamnasi watoe ushuhuda kwamba wameacha kabisa, wiki ya tatu tu ya kuacha kwao. Twaiita kuwatia moyo. Kwa kweli twaweka akiba ya aibu, na siku atakapoteleza tutaidai yote kwa pamoja, na riba juu.

Nimeambiwa, mnawalea. Mnawapa chakula, mnawafulia, mnawalipia madeni, nao wanazidi. Hoja hii ina ukweli ndani yake na sitaipita juu juu. Kumpa fedha mkononi mtu aliyerudia ni kumlipia mpikaji gongo. Kumdanganyia tajiri wa mtumbwi kwamba mumeo ana malaria ni kuuahirisha msiba. Mke anayepigwa ana haki ya kuondoka usiku huohuo na watoto wake, wala asihubiriwe subira na mtu yeyote, nikiwamo mimi. Lakini tangu lini kukataa kutoa fedha kukawa sawa na kukataa kutoa salamu? Mwana aweza kunyimwa shilingi na bado akaambiwa na mama yake: "Mwanangu, hela sikupi, ugali upo, kaa ule, kesho ukiamka na akili zako tutazungumza." Hapo hapana kulea. Pana mpaka, na pana mtu upande wa pili wa mpaka.

Na hao wanaojiita wakali, ukali wao mara nyingi ni ujinga wenye hatari. Wako wanaomfungia mlevi wa miaka mingi chumbani "akauke". Mwili uliozoea kileo kila siku ukikatiwa ghafla waweza kuingia katika mtetemeko, degedege na kuweweseka ndani ya siku 2 au 3 za mwanzo, na watu hufa kwa hilo. Mahali pake ni hospitali, chini ya daktari. Kwa mtumiaji wa unga hatari kubwa iko kwingine. Akikaa miezi bila kutumia, mwili huusahau ule uzoefu, na kipimo chake cha zamani humuua siku anaporudia. Siku ya kurudia, basi, ndiyo siku ya kukaa naye karibu zaidi, ilhali sisi ndiyo tuliyoichagua kumsusa. Akitamka kwamba anatamani kufa, mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua, na msimwache peke yake mpaka afikishwe kwa tabibu. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Kunamwonyesha tu kwamba lipo sikio.

Serikali imefanya yake, baadhi. Tarehe 1 Machi 2017 ilipiga marufuku pombe za viroba, na mitaa ikapungukiwa vifuko vya plastiki. Gongo halikuhitaji kifuko, likabaki. Kwa wa heroini, tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, Unguja ikafuata mwaka 2015. Kwa mlevi wa gongo methadoni si dawa yake. Tiba ya uraibu wake yahitaji daktari, siku za mwanzo na hata baadaye, na yahitaji watu wa kumvusha siku zote, na hao watu ndio sisi. Azimio la Arusha la 1967, lililotoka chini ya uongozi wa mwana wa Butiama, jirani yetu, lilianza kwa imani kwamba kila mtu anastahili heshima. Sikuona popote pameongezwa: isipokuwa aliyerudia.

Sasa niwageukie matajiri wa mitumbwi, maana wao wanalijua jambo ambalo madaktari wa mjini hawalijui. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua. Mbalamwezi ikikolea taa hukosa nguvu, mitumbwi huvutwa nchi kavu, na wavuvi hukaa bure siku kadhaa, wengi wakiwa wametoka kupokea mahesabu yao. Fedha mfukoni, kazi hakuna, usingizi umegeuka mchana kuwa usiku, na wapikaji wanaijua kalenda hiyo kuliko maaskofu wanavyoijua Pasaka. Siku za hatari za mvuvi anayejaribu kuacha zimeandikwa angani, na yeyote mwenye macho aweza kuzisoma wiki mbili kabla. Kwa nini, basi, kila mwezi tunashangaa?

Tajiri mwenye mvuvi wa namna hiyo asimpe mahesabu yote kwa mkupuo kama mvuvi mwenyewe ameomba agawiwe kidogokidogo. Amwekee nyavu za kushona na mtumbwi wa kuziba katika siku hizo, kwa ujira. Asiwalipe wavuvi wake kwa kreti wala kwa debe, desturi ambayo haina jina zuri katika lugha yoyote. Na akija mtu kumwambia kwamba fulani amerudia jana usiku, aulize amelala wapi, amekula nini, na nani yuko naye.