Waacheni Wanunue Albamu

Kila kijiwe kina mhasibu wake wa kujitolea. Kodi ya chumba chake mwenyewe hajui itatoka wapi, lakini mtu akitaja tu kwamba jana alikutana na albamu mpya ya mwimbaji wake kipenzi akainunua papo hapo, bwana huyu huweka chini kikombe cha kahawa na kuanza kusoma hukumu: pesa imepotea, nyimbo zote zipo YouTube, na baya zaidi, hukuwa umepanga. Waliobaki hutikisa vichwa kukubali. Walimu wa fedha wa mitandaoni nao wameipamba hukumu hiyo kwa jina la nidhamu, na sasa inapita kila mahali kama busara isiyodai ushahidi.

Idaiwe leo.

Tuanze na hiyo YouTube inayosemwa ni ya bure. Kijana anayesikiliza albamu nzima kwa njia ya video, asubuhi kwenye daladala na usiku kitandani, kila mara anakula bando, na bando halidondoki kutoka mbinguni. Pesa yake imekwenda kwa kampuni ya simu. Mwimbaji anasubiri mgawo wa matangazo, na tangazo linaloonekana kwa mtazamaji wa Mbagala au Kisumu hulipiwa kidogo kuliko linaloonekana kwa mtazamaji wa London. Kwa hiyo huyu anayejisifu kwamba hanunui muziki, muziki anaulipia sana, tena kila wiki. Kinachomtofautisha na mwenzake aliyenunua albamu ni kwamba pesa yake inapita mbali na mlango wa aliyeimba.

Mwenye kulipia programu ya kusikilizia ana nafuu, ila si kubwa kama anavyodhani. Spotify, iliyofunguliwa Kenya, Tanzania na Uganda mwezi Februari 2021, haina bei maalumu kwa kila wimbo unaochezwa. Mapato hukusanywa kwenye mfuko mmoja, kisha hugawanywa kwa uwiano wa mara nyimbo zilivyochezwa. Shabiki anayemsikiliza mwimbaji mmoja tu wa taarab mwezi mzima anaweza kudhani ada yake imemfikia mwimbaji huyo. Kumbe sehemu kubwa ya ada hiyo imewafuata nyota wanaochezwa mamilioni ya mara, ambao pengine yeye hajawahi hata kuwasikia. Tangu mwaka 2024, wimbo usiochezwa walau mara 1,000 katika miezi 12 hauingizi senti. Linganisha na Bandcamp, ambako albamu huuzwa moja kwa moja: hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali pamoja na gharama za malipo. Albamu ya dola 10 humwachia msanii au lebo yake dola 8 na ushee. Ili apate kiasi hicho kwa kusikilizwa tu, mwimbaji anahitaji wimbo wake uchezwe maelfu ya mara.

Mhasibu wa kijiwe anaweza kuzimeza hesabu hizo zote na bado akabaki na hoja moja mkononi: haya, anunue, lakini kwa mpango. Aandike kwenye bajeti, asubiri mwisho wa mwezi, na hamu ikiwa bado ipo, ndipo alipe. Inasikika vizuri, na ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, maana anayeitoa hajawahi kujiuliza wanamuziki wa pwani hii wamekuwa wakila nini miaka yote.

Wamekuwa wakila kutunzwa. Ingia ukumbi wowote wa taarab uangalie. Mwimbaji anafika kwenye ubeti uliomgusa bibi mmoja, au unaomchoma jirani yake aliyekaa meza ya pili, na bibi yule anainuka. Anakwenda mbele taratibu, anacheza, noti imenyooshwa juu ili kila mtu aione na anayehusika ajijue. Anatunza, anarudi kitini. Hakuna aliyekadiria nyumbani kwamba ubeti wa nne utamgharimu shilingi elfu kumi, na angekadiria, noti ingekosa maana yake yote, kwa sababu ile noti ni jibu, na jibu hutolewa wakati maneno bado yanawasha. Fedha za namna hiyo ni sehemu ya riziki ya waimbaji wa taarab tangu zamani. Ajabu ni kwamba mtu yuleyule anayeshangilia ukumbini huwa mkali kesho yake kijiweni, pale mwenzake anapotoa elfu kumi hiyohiyo na kurudi nyumbani na nyimbo kumi.

Historia ya kurekodi nayo haimsaidii mhasibu. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa His Master's Voice. Katika miaka michache iliyofuata sahani za kundi hilo ziliuzwa Afrika Mashariki kwa makumi ya maelfu. Mtu na aketi afikirie ununuzi ule ulikuwa wa namna gani. Sahani ya santuri ilibeba kama dakika tatu kila upande, ilihitaji mashine ambayo wengi hawakuwa nayo, na mkazi wa Ng'ambo angeweza kumsikia Siti mwenyewe kwa kutembea tu hadi anakoimba. Kwa vipimo vya kijiwe, wanunuzi wale walikuwa wendawazimu. Lakini sahani hizo, pamoja na vichwa vya wazee, ndizo zilizoifikisha sauti ile hadi kwa kitukuu chake, Siti Muharam, ambaye mwaka 2020 alitoa albamu ya nyimbo za Siti binti Saad, Siti of Unguja, kupitia lebo ya On the Corner ya London.

Na anayedhani haya ni mambo ya zama za santuri aiangalie tarehe 13 Desemba 2013. Usiku huo Beyoncé aliweka iTunes albamu ya nyimbo 14 na video 17, bila tangazo wala fununu, na mwanzoni haikuuzwa wimbo mmoja mmoja. Ama mtu ainunue yote, ama aiache. Siku tatu baadaye zilikuwa zimeuzwa nakala 828,773 duniani. Kati ya wanunuzi hao hakuna hata mmoja aliyekuwa ameipangia bajeti, kwa sababu haikujulikana kwamba ipo.

Hapo ndipo penye kosa la imani hii ya kijiweni. Inachanganya ghafla na kukurupuka. Mtu anayenunua bila kupanga albamu ya mwimbaji anayempenda hajaokota kitu asichokijua. Sauti ile ameisikiliza miaka, anajua inapanda wapi na inavunjika wapi, anajua albamu iliyotangulia ilimwangusha kwenye nyimbo zipi. Uamuzi ulikwishaiva zamani. Siku ya kulipa ndiyo iliyomshtukiza. Ni watu wachache wanaoijua simu yao, viatu vyao au hata kiwanja chao kwa kiwango hicho kabla ya kutoa fedha.

Wapo wanaokosea, ndiyo. Anayevuta mkopo wa simu, Songesha au Fuliza, ili anunue albamu huku ada ya mtoto haijalipwa anastahili kukemewa, kama anavyostahili yule aliyekopa kwa ajili ya sare ya harusi, ambaye kwa sababu fulani hakemewi. Na albamu mbovu zipo tele, zenye nyimbo tatu za maana na nyingine za kujaza nafasi.

Hasara kubwa ya imani hii ni kwamba wanamuziki wenyewe wameiamini. Tazama singeli. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, muziki uliopikwa kwenye studio ya mtaani Mburahati, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ikatoa albamu ya Jay Mitta yenye jina la Tatizo Pesa. Mtu aliyeko Berlin anaweza kuzinunua saa nane za usiku, hamu ikimpanda tu. Jirani wa studio mwenye elfu tano kwenye simu hana budi kwanza ahangaike na mambo ya kadi ya benki.

Huku nyumbani albamu huzinduliwa hotelini kwa zulia jekundu, mabango yanasema inapatikana kwenye mitandao yote, na hakuna mtu aliyefikiria kuandika lipa namba pembeni. Wenye kujua soko waige meza ya mauzo inayowekwa mlangoni baada ya onyesho, kama wanavyofanya baadhi ya wanaopanda jukwaa la tamasha la Sauti za Busara. Pale mtu hulipa jasho likiwa halijamkauka, na msanii huondoka na pesa yake usiku uleule.