Siku za mbalamwezi

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa wa Igombe hawaingii ziwani. Dagaa hufuata taa, na usiku mweupe taa haifui dafu. Basi mitumbwi hupandishwa mchangani, watu wakakaa kivulini, na mpita njia akadhani wamepumzika. Asogee. Mzee mmoja niliyemkuta hapo alikuwa ameuinua wavu kuelekea jua, anaupitisha vidoleni shubiri kwa shubiri. Akakuta tundu la kupenya kidole kimoja, akatoa uzi, akashona. Nikamuuliza kwa nini ajisumbue na kitundu kile.

“Mwanangu, giza likiingia hutaliona tena,” alisema. “Utaona tu dagaa wamepungua.”

Toleo hili nimeliandaa nikimkumbuka yeye, maana linawafikia vijana wetu katika mbalamwezi yao. Matokeo ya kidato cha sita yametoka Julai. Vyuo vitafunguliwa Oktoba au Novemba. Hapa katikati maswali ni mengi: kozi ipi ina mkopo, ipi ina ajira, chumba cha kupanga karibu na chuo ni shilingi ngapi. Yote ni ya haki. Ninaloomba ni kijana ajiulize pia yeye mwenyewe ni nani, anaweza nini, na wapi huwa anachanika.

Mimi niliingia chuo na kozi aliyonichagulia mjomba. Hakunilazimisha. Alipendekeza, nami sikuwa nimejiuliza lolote hata niwe na la kumjibu. Nilibadili kozi mwaka wa pili, na ada iliyopotea ilikuwa ya mama, aliyeuza mapanki tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Bado inaniuma.

Wengi huogopa kujitafakari wakidhani ni kujilaumu. Sivyo. Mzee wa Igombe hakuutukana wavu wake, na wala hakuukagua peke yake: ncha ya pili ilishikwa na mjukuu wake. Nawe mtafute wa kukushikia, awe dada au mwalimu wa zamani, atakayekwambia kweli bila kukudhalilisha.

Na uandike. Ng’ambo ya maji, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikakosa mchapishaji. Baadaye aliirudia mwenyewe, akaifasiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980, umri umeshakwenda. Hebu fikiria kazi ile: mzee anajisoma alivyokuwa miaka mingi nyuma, sentensi kwa sentensi. Asingeweza kama maneno yangebaki kichwani tu. Mawazo yasiyoandikwa hubadilika nasi, tukadhani tulikuwa hivi tulivyo siku zote.

Kwa hiyo ukurasa unaofuata tumeuacha mtupu, una mistari tu. Uandike kabla hujafunga begi, kwa lugha unayootea ndoto usiku, na tarehe uiweke juu. Uukunje, uutie ndani ya daftari utakalokwenda nalo chuoni. Mwezi Juni, mitihani ya mwaka wa kwanza ikikaribia, uufungue mbele ya yule aliyekushikia ncha ya pili.