Juisi siku tatu na mazoezi asubuhi: mimi nina neno hapo

 Nyinyi wa mashirika mnaotusomaga hapa, kuna kipande chenu huko chini.

Tangu maembe yajae sokoni hapa Nakivale, kila kundi la mazoezi lina mtu anayesema yuko kwenye juisi. Siku tatu, siku tano, wengine wanajitapa kwamba watafikisha saba. Hakuna chakula cha kutafuna, ni kunywa tu: nanasi, embe, maracuja, tikiti, na wale wenye bahati ya kufika kwa mtu mwenye blenda wanaongeza parachichi na ndizi wanaita smuthi. Huku asubuhi wanakimbia kutoka Base Camp kwenda upande wa ziwa, jioni wanainua vile vyuma vyetu vya bomba lenye makopo ya simenti huku na huku. Dada zetu wa voliboli nao wameingia. Jambo lenyewe limetoka kwenye video za simu, kijana mmoja huko Marekani anafungua friji, chupa za rangi ya kijani zimepangwa kama askari, anasema tumbo litaisha na sumu yote itatoka mwilini.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Smuthi naiunga mkono, tena sana. Juisi peke yake badala ya chakula, kwa mtu anayefanya mazoezi, siikubali. Na kuna jambo la tatu ambalo hatulisemi kwa sauti, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Kwanza hizo kilo. Ni kweli zinashuka, mizani haidanganyi. Mtu anapanda siku ya kwanza ana 68, siku ya nne ana 66, anapiga picha. Lakini kilichotoka si mafuta. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na kwenye misuli, kwa mtu mzima ni kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu moja imeshika maji karibu gramu tatu. Ukikimbia huku huli vya kutosha, akiba hiyo inaisha haraka na maji yake yanaondoka. Hizo ndizo kilo mbili zako. Ukila bugari na maharage siku mbili zinarudi nyumbani, na hujanenepa, umejaza tanki tu.

Habari ya sumu sitaikalia. Ini na figo zinafanya hiyo kazi usiku na mchana, bure, na hazijawahi kuomba nanasi.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanadanganyika. Glasi moja ya juisi ya embe au nanasi inakupa kama kalori 120 au 130. Kunywa glasi sita kwa siku, na hizo ni nyingi, unafika 700 na kitu. Kipimo kinachotumika kupanga mgao wa chakula cha wakimbizi ni kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Yaani mtu kajipangia mwenyewe theluthi moja ya kipimo hicho, halafu anaenda kukimbia. Kilomita tano kwa mtu wa kilo 60 zinakula karibu 300. Kinachobaki ni 400 na kitu za kuendesha moyo, kichwa, kuchota maji, kwenda shuleni na kurudi. Protini ndiyo mbaya zaidi: glasi nzima ya juisi ina gramu moja hivi. Anayejenga misuli anahitaji angalau gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo mtu huyohuyo wa kilo 60 anahitaji 72. Glasi sita zimempa sita. Mwili ukikosa pa kuchukua, unachukua kwenye misuli ileile unayoitolea jasho na makopo ya simenti.

Mimi nilijaribu siku tatu ili nisiongee hewani. Siku ya kwanza nilikuwa vizuri, nilikimbia kama kawaida, hata nikaona hawa watu wana haki. Nilikuwa natumia chakula cha jana yake, ndiyo siri. Siku ya pili kichwa kilianza kuuma saa nne asubuhi, na kila baada ya glasi napata nguvu ya nusu saa halafu naanguka chini zaidi ya nilipokuwa. Juisi ikishachujwa nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, sukari inaingia mbio na kutoka mbio. Jioni push-up zangu za kawaida 40 ziliishia 23. Siku ya tatu nilitembea pale ninapokimbiaga, nikapitwa na mama mwenye jerikeni kichwani, akanisalimia vizuri tu. Na hasira! Nilimkaripia mdogo wangu kwa sababu ya ndoo. Usiku nilikuwa naota ndagala.

Na bei. Mimi nilikuwa nanunua glasi kwa shilingi 1,000, sita kwa siku, siku tatu ni 18,000. Kwa hela hiyo pale sokoni unapata trei ya mayai na chenji inabaki ya karanga. Yai moja lina gramu sita za protini. Sitaki kusema zaidi.

Mtu ataniuliza, wanariadha wakubwa wanakula nini? Wakimbiaji wa Kenya, wale wa Iten na pande zile, chakula chao kinajulikana: ugali, sukuma wiki, maharage, wali, chai ya maziwa yenye sukari. Wanga kwa wingi, sahani imejaa. Perina Lokure Nakang, dada yetu aliyekulia Kakuma, alikimbia mita 800 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 katika timu ya wakimbizi. Mbio kama hizo hazijengwi kwa maji ya tikiti.

Lakini nisije nikaonekana nachukia matunda. Hapana. Sisi tunaokula posho na maharage kila siku ndio tunayahitaji kuliko wote. Vitamini C ya embe, chungwa au maracuja inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na lenga-lenga, na dada zetu wengi wanapungukiwa damu. Kwa hiyo kula maharage yako, tafuna chungwa lako palepale. Chai subiri kidogo, saa moja hivi, maana chai inazuia hayohayo madini.

Na smuthi si juisi. Smuthi inasagwa nzima, nyuzinyuzi zinabaki ndani, na unaweza kuitia chakula cha kweli. Yangu ni hii: ndizi mbili mbivu, kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, vijiko viwili vikubwa vya karanga za kusaga. Hapo una kalori zaidi ya 500 na protini gramu 18 hivi. Tuko kwenye nchi ya ng'ombe wa Ankole, maziwa yapo. Ukipata nusu parachichi, tia. Hiyo unakunywa baada ya mazoezi, na mchana unakula kama watu. Blenda huna? Hata mimi sina, na sola zetu nyingi ni za taa na simu, blenda inazizima. Ponda ndizi kwa uma mpaka ilainike, changanya karanga na maziwa kidogokidogo, mimina kwenye chupa, tikisa kama unamdai mtu. Inatoka na vidonge vidogo, haiui.

Maji ndiyo yanaweza kuua. Yachemshwe, au yatiwe dawa ya maji na kuachwa nusu saa, na matunda yaoshwe kwa maji hayohayo. Hatuna friji, kwa hiyo iliyosagwa asubuhi isinywewe jioni. Mtu anayeharisha siku ya pili anaambiwa na wenzake eti sumu inatoka. Ndugu yangu, huo ni ugonjwa wa tumbo, nenda kituo cha afya, na kunywa ORS njiani.

Na kuna watu ambao hata siku moja ya juisi tupu isiwaguse: mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye kisukari, watoto wa shule, na anayemeza dawa za kila siku zinazotaka chakula. Kufunga kwa maombi ni habari nyingine, siligusi hapa, ila kocha wako ajue umefunga.

Sasa lile la tatu.

Mimi ni mjitoleaji wa afya, napita nyumba kwa nyumba na mkanda wa kupima mkono wa mtoto. Kijani ni mzima, njano ni angalia, nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni kituo cha afya leoleo. Ule mkanda ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mwenye miaka 19 hakuna anayempima. Nikiwa kwenye hizo nyumba naona sufuria, kwa sababu sufuria iko nje, huwezi kuificha. Halafu jioni kwenye uwanja namkuta kijana wa nyumba ileile, namuuliza mbona umekaa chini, ananiambia, «Mi niko kwenye dayeti, mukubwa, niko na jus tu.»

Hana juisi yoyote. Nimetoka kwao mchana.

Mnakumbuka mwaka 2023 familia zilipogawanywa makundi matatu, moja likabaki na asilimia 60 ya mgao, la pili 30, la tatu sifuri. Mwaka 2025 karibu watu milioni moja katika Uganda nzima wakatoka kwenye mgao. Zamani mwenye njaa alikuwa anasema nimeshiba, au nimekula kwa shangazi. Sasa tumepata neno jipya zuri, lina heshima, linatoka kwenye simu, linaonyesha kama umechagua mwenyewe. Nani atamhurumia mtu anayejenga mwili? Ndiyo maana mimi siwacheki wanaosema wako kwenye dayeti. Wengine wanafuata mtindo kweli, na hesabu ya hapo juu ni yao. Wengine wamejifunika na hilo neno kama shuka, na ukilivuta kwa nguvu mbele ya watu umemvua nguo.

Dada wa voliboli alianguka uwanjani mwezi uliopita. Wenzake wakasema ni dayeti. Kocha akamwambia aache mambo ya mitandao. Alipelekwa pembeni, akapewa maji yenye sukari, akaamka, akasema ndiyo, ni dayeti. Mimi namjua mama yake, na sitaandika zaidi ya hapo.

Nyinyi wa mashirika, kipande chenu ni kifupi. Mnatuletea mipira, jezi, mashindano ya siku ya wakimbizi tarehe 20 Juni, na tunashukuru, sio mchezo. Lakini mnapopanga mazoezi ya saa mbili kwa vijana, kwenye bajeti andikeni na kitu cha kutia tumboni. Soda na biskuti za siku ya wageni hazihesabiki. Uji wa mahindi na soya, karanga, yai la kuchemsha. Na fomu zenu mkiuliza kijana amekula mara ngapi jana, msimuulize mbele ya timu yake, atawajibu yuko kwenye dayeti na mtaandika hivyo.

Kwa upande wetu hatungojei bajeti. Kuanzia Jumamosi hii kundi letu tukimaliza kukimbia kuna sufuria moja ya uji pembeni ya uwanja. Kila mtu alete anachopata: ndizi moja, kikombe cha unga, ngumi ya karanga, maziwa kama yapo. Asiye na kitu aje na kikombe chake tu. Hakuna daftari la nani kaleta nini, na hakuna kuulizana habari za dayeti. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu kabla jua halijawa kali. Bado natafuta sufuria kubwa ya kuazima, ile ya harusi, mwenye nayo aniandikie inbox.