Chepsaita haijahama, vyama ndivyo vinavyohamahama

KANU mwaka 1997. KANU tena 2002. ODM 2007. URP 2013, Jubilee 2017, UDA 2022. Huo ndio msafara wa William Ruto, na sisi wa Turbo, tuliokuwa ndani ya Eldoret Kaskazini alipokuwa mbunge, tumeandamana naye kituo baada ya kituo. Vyama vitano, mtu mmoja! Mkulima wa Chepsaita, hapa kwetu Turbo, hajasogea hata hatua moja kutoka kwenye mahindi yake.

Halafu mchambuzi wa Nairobi anatutazama na kutangaza redioni kwamba mpiga kura wa huku hana itikadi, ana kabila tu. Upuuzi mtupu. Mkulima anataka mbolea ifike kabla ya mvua, bodi ya nafaka, NCPB, inunue kwa bei ya kumlipa jasho lake, na mahindi ya nje yasiingizwe wakati anavuna. Hiyo ni itikadi kamili: serikali imsimamie mzalishaji. Mla ugali wa Kibra naye anataka unga wa bei nafuu, hata ukitoka ng'ambo. Hiyo pia ni itikadi. Kazi ya chama ni kuchagua, au kueleza waziwazi kitakavyowapatanisha hawa wawili. Vyama vyetu huwaahidi wote wawili kila kitu, kila mmoja kwenye mkutano wake.

Septemba 2022 kulikuwa na uamuzi wa kweli: ruzuku ya unga ikaondolewa, ya mbolea ikaja, gunia la kilo 50 likauzwa shilingi 3,500, baadaye 2,500. Huku tulishangilia, na haki yetu. Lakini ni mjumbe gani wa UDA, wadi gani, aliyeitwa kuujadili? Uamuzi ulikuwa wa Rais Ruto. Akiamka kesho akaugeuza, toroli, nembo ya chama, halitapiga hata kelele.

Na msidhani tumezaliwa hivi. KADU ya 1960, ya Ngala, Muliro na Moi, ilikuwa na wazo: majimbo, ili jamii ndogo zisimezwe na mamlaka ya katikati. Ulikubali ama ulikatae, ulijua unapigia kura nini. Novemba 1964 viongozi wake wakaivunja na kuingia KANU. Moi akapata uwaziri, wazo likabaki mlangoni. Kituko chenyewe kilikuja 2010: katiba iliyoleta ugatuzi, binamu wa majimbo, ilipopigiwa kura, Bonde la Ufa likaambiwa liseme Hapana. Tukasema. Aliyeongoza Hapana ni Ruto, yuleyule tuliyekuwa tukimfuata.

Mexico pia wamepitia haya. PRI ilitawala miaka 71, kuanzia 1929 hadi 2000, ikikumbatia mrengo wowote ulioifaa msimu huo. Ilipoungana na hasimu wake wa kale, PAN, mradi tu wamzuie López Obrador, wapiga kura wa 2024 waliwapita wakampa ushindi mkubwa Claudia Sheinbaum wa Morena. Morena ina dhambi zake, na mwanzilishi wake, López Obrador mwenyewe, alianzia PRI. Lakini pensheni ya wazee waliiandika kwenye katiba mwaka 2020. Mzee wa kule anaweza kukishika chama hicho shati.

Sisi tumshike nani? Machi 7, 2025, UDA na ODM walitia saini mkataba, na waliotuambia 2022 kwamba wenzao ni adui wa mahasla wameketi nao serikalini. Ruzuku ya nani ilishinda mezani pale? Kimya.

Basi kabla ya Agosti 2027, yeyote atakayepanda jukwaani Turbo, awe wa UDA au wa chama kitakachozaliwa Krismasi ijayo, atuletee jibu kwa maandishi, limepitishwa na wajumbe wa chama chake: maghala yakijaa mwezi wa Novemba, mahindi ya nje yataingia nchini au hayataingia?