KAZI NZIMA, HESABU NUSU!

Ndugu wafanya kazi wa Machakos,

Wengine mtauliza: mambo ya marubani yatuhusu nini sisi wa malori, wa saruji na wa mashamba? Someni mpaka mwisho.

Ndege ndogo tunazoziona zikipita juu ya Athi River, kama vile Cessna Caravan yenye injini moja, zimeundwa ili rubani mmoja aweze kuzirusha. Lakini kanuni za ICAO, shirika la mataifa ambalo Kenya ni mwanachama wake, zinakataza ndege ya biashara yenye viti vya abiria zaidi ya 9 kurushwa na mtu mmoja usiku, au mawinguni kwa kufuata vyombo. Hapo lazima wawe wawili. Ni haki. Dereva akizidiwa huegesha kando ya barabara. Angani hakuna kando.

Sasa tazameni hesabu. Leseni ya juu ya urubani yataka saa 1,500. Kanuni zasema rubani wa pili wa ndege ya namna hii asihesabiwe zaidi ya nusu ya saa zake. Akifanya kazi saa 1,000, apewe 500! Serikali inayo ruhusa ya kumpa zote, ikiwa ndege ina vifaa vya rubani wa pili na kazi inafanywa na wawili kwa utaratibu wake. Na mahali ambapo sheria haikudai mtu wa pili, kanuni hiyo haimpi kitu.

Matajiri wanalijua jambo hili, nao hunyamaza. Tunawajua vijana waliokalia kiti hicho miezi mingi, wakipakia mizigo, wakijibu redio. Wengine walikilipia kiti chenyewe, kwa fedha za wazazi waliouza ng'ombe. Tangu lini mtu akanunua kazi ili amtumikie tajiri?

Tarehe 5 Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilianguka katika milima ya Aberdare. Walikufa watu 10: abiria 8 na marubani 2. Mauti hayakumhesabu rubani wa pili kuwa nusu mtu.

Kwa hiyo tunadai:

1. Panapolazimika marubani wawili, Serikali iitumie ruhusa yake, na tajiri aweke vifaa na utaratibu unaotakiwa, ili saa zote zihesabiwe.

2. Pasipolazimika, kijana aambiwe wazi, kwa maandishi, kabla hajapanda.

3. Mtu asilipe ili afanye kazi. Alipwe yeye.

Ndugu, leo ni saa za rubani. Kesho zitakuwa za taniboi aliyelala chini ya lori Mtito Andei akilinda mali ya tajiri, kisha akaambiwa, "Wewe ulikuwa ukijifunza tu." Tukikubali nusu ya mwenzetu, tumekwisha kuikubali yetu.