*MAPAA YA ASBESTO: KAUNTI IYAHESABU KUTOKA ANGANI KABLA HAYAJAVUNJWA OVYO*



Wiki mbili zilizopita paa la darasa katika shule moja hapa wadini lilibomolewa kwa nyundo mchana kweupe, watoto wakiwa uwanjani. Vipande vilibebwa kwa mkokoteni, na vingine tayari vimeezeka mabanda ya kuku na mabafu. Hatudhani kuna aliyekuwa na nia mbaya. Fundi hakujua lile ni bati la asbesto, na sisi wa tawi pia hatukujua. Wadi yetu haina orodha ya mapaa hayo.

Bati la asbesto ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini. Lilipendwa kwa sababu halishiki kutu, na sisi wa Pwani tunajua chumvi ya bahari inavyokula bati la chuma. Lakini likivunjwa, likikatwa au likichakaa, hutoa nyuzi ambazo jicho halizioni. Ukizivuta hukaa mapafuni. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye. Mtoto aliyekuwa uwanjani siku ile anaweza kuugua akiwa mzazi. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka hatari.

*Paa linatambuliwaje kutoka juu?*
Kila kitu hurudisha mwanga wa jua kwa namna yake. Kamera maalumu ya ndege husoma hata mwanga tusiouona, na asbesto humeza sehemu fulani ya mwanga huo. Italia wametumia njia hii. Njia nyingine ni picha za kawaida za angani: kompyuta hufundishwa kwa mapaa yanayojulikana, kisha hutafuta yanayofanana nayo. Poland, iliyojiwekea lengo la kuondoa asbesto yote ifikapo 2032, watafiti wake wameijaribu njia hiyo.

Picha hukosea. Paa lililopakwa rangi, lililoota kuvu au lililofunikwa na mwembe linaweza kupita bila kuonekana. Saruji ya siku hizi isiyo na asbesto nayo inaweza kudhaniwa ndiyo. Kwa hiyo picha inatuonyesha nyumba za kuanza nazo, na jibu la mwisho hutoka maabara.

*Mbona tusipite nyumba kwa nyumba?*
Kwa sababu aliye chini haoni paa lote, na kumpandisha mtu juu ya bati kuukuu ni kumwita kifo. Picha hiyohiyo itawafaa pia watu wa mitaro, barabara na ardhi.

Hatutawaficha: kwenye kamati tulibishana. Wenzetu walihofu kwamba orodha itakuwa fimbo ya kuwafukuzia wapangaji, au mwenye nyumba atabomoa usiku na kutupa mabati kwenye korongo kabla afisa hajafika. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana tunaunga mkono upigaji picha kwa masharti haya:

1. Kila paa linaloshukiwa lipimwe maabara kabla ya mwenye nyumba kupewa notisi.
2. Shule, zahanati na nyumba za umma zitangulie.
3. Mpangaji aambiwe matokeo sawa na mwenye nyumba, na asihamishwe bila mahali pa kwenda.
4. Fedha za kuondoa na kuzika mabati zitengwe pamoja na fedha za picha. Ramani bila bajeti ya kuondoa itatuachia hofu tu.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Tunamtaka mwakilishi wadi wetu, ambaye ni wa chama chetu, ahakikishe jambo hili limo. Asipofanya hivyo, tutamuuliza hadharani kama tunavyowauliza wa vyama vingine.

*Kwa sasa, tafadhali:*
▪️ Usivunje, usitoboe wala usikwangue kuvu kwenye bati la asbesto.
▪️ Usifagie vumbi lake likiwa kavu. Lilowanishe kwanza.
▪️ Usichukue kipande kuezekea banda au bafu. Ulichonacho, usikivunje zaidi. Kifunike na uiarifu kamati.
▪️ Kazi ya kuondoa ifanywe na wenye leseni ya NEMA: mabati hulowanishwa, hung'olewa yakiwa mazima, hufungwa kwa plastiki na kuzikwa mahali palipoidhinishwa.

Wazazi wa shule ile, tunawaomba mje kwenye kikao cha tawi Jumamosi. Vipande vilivyobaki uwanjani ndiyo ajenda ya kwanza.

_Kamati ya Tawi_
Sambaza kwenye makundi ya mtaa.